Fomu ya Laban

Mahali fulani jijini Seoul kuna faili linalosema kwamba wageni wanaopita Doha wanaijua brekidansi ya Korea vizuri ajabu. Watu wanne kati ya kila watano, ndivyo ilivyoandikwa. Eti wanavijua vikundi, wanajua kila kimoja kilianza mwaka gani na kimeshinda wapi, wanajua hata nani alimfundisha nani. Faili hilo ni uongo mtupu. Mimi Damaris ndiye niliyekuwa mapokezi wiki ile, majibu yale yalipita mbele ya pua yangu, na wageni wale hawakujua kitu. Wengine hawakujua hata kama Korea ziko mbili. Miaka imepita, na hasira yangu haijapoa, wala sijajaribu kuipoza.

Aliyejua alikuwa mtu mmoja, na kazi yake ilikuwa kufungua mlango.

Laban Oloo alitoka Kondele, Kisumu. Tulifika kwenye hoteli ile ya West Bay, Doha, mwaka mmoja, 2010, yeye akiwa ameletwa na kampuni ya ulinzi, mimi kwa mkataba wa hoteli yenyewe. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na binti mmoja, Cheryl, niliyemwacha kwa mama yangu Vihiga. Laban alikuwa na ishirini na sita, mwembamba, sare imemzidi mabega, na aliniita Mama Cheryl tangu siku ya kwanza aliposikia nina mtoto. Mtu mpole. Wakati mwingine upole wake ulinichosha, kwa sababu mimi sikuumbwa hivyo, na mahali kama pale mtu mpole hugeuzwa kapeti.

Brekidansi aliipatia kwa kinyozi. Mwaka 2004 kinyozi mmoja wa Kondele alikuwa na televisheni na deki, na mteja fulani akamwachia CD ya bandia, haina jalada, imeandikwa tu kwa kalamu ya wino mzito. Ndani yake kulikuwa na mashindano, na katika mashindano hayo vijana wa Kikorea walikuwa wanawanyanyasa watu wa dunia nzima. Laban na wenzake sita waliitazama CD ile mpaka ikaanza kukwama. Majina ya wachezaji hawakuyajua, kwa hiyo waliwapa yao. Mmoja alikuwa Mama Mboga kwa jinsi alivyochuchumaa kabla ya kuanza. Mwingine, ambaye Laban alimpenda kuliko wote, walimwita Fundi Saa: alisimama kwa kichwa, akanyoosha mguu mmoja juu na mwingine pembeni, akazunguka taratibu kabisa, kisha kasi, kisha taratibu tena. Laban alitumia mwaka mzima kujifunza mzunguko ule. Nywele za utosini zilikatika, akabaki na kipara kidogo ambacho kofia ya kazi ilikificha.

Baadaye aliwatafuta wengine kwenye saiba, kwa intaneti ya kulipia dakika, akayajua majina yao ya kweli, vikundi vyao, miji yao, majeraha yao. Angeweza kukusimulia fainali ya mwaka fulani kama wengine wanavyosimulia mechi ya Gor Mahia. Fundi Saa peke yake hakumpata. Hakuwa maarufu pengine, au aliacha mapema. Laban hakuchoka kumtafuta.

Ijumaa mchana, siku yake ya mapumziko, alikuwa anakuja Bin Mahmoud nilikokuwa nikiishi. Chini ya jengo letu palikuwa na kivuli cha kuegesha magari. Alichukua maboksi kwenye duka la pembeni, akayafungua, akayatandika, akacheza saa mbili bila muziki, maana redio ingewaudhi majirani. Wapishi wa Kihindi wa mkahawa wa ng'ambo walitoka na aproni zao kumtazama. Mimi nilikaa kwenye ngazi na chai yangu nikimcheka. Lakini alipofika kwenye ule mzunguko wa kichwa niliweka kikombe chini. Kulikuwa na kitu pale ambacho sikuwa na ruhusa ya kukicheka.

Sasa niwaambie kuhusu kanuni moja ya hoteli yetu, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa ujinga tulioufanya. Kwenye mafunzo tulikatazwa neno "sijui". Mgeni akikuuliza kitu, hata kama ni bei ya ngamia, huruhusiwi kujibu kwamba hujui. Unajibu, "Nitakutafutia sasa hivi," halafu unamtafuta mwenzako anayejua. Mimi mapokezi nilikuwa na simu ya upepo kwa kazi hiyo. Swali la gari, naita madereva. Swali la chakula, naita jikoni. Tuliifuata kanuni ile mpaka ikawa damuni, hata nyumbani nilijikuta nikimjibu Cheryl hivyo kwenye simu.

Machi 2013 hoteli ilipokea Wiki ya Korea. Ukumbi wa chini ulijaa mabango, vyakula na nguo za hariri, na Alhamisi jioni wangecheza vijana wanne wa brekidansi kutoka Seoul. Aliyesimamia alikuwa mama mmoja wa makamo, Madam Seo, mtu wa heshima na haraka nyingi. Ofisi yake ilitaka kujua kama wageni wa nchi za nje wanaifahamu brekidansi ya kwao. Kwa hiyo alileta fomu zenye maswali kumi, na sanduku likawekwa kwenye meza yangu. Kila aliyejaza alipewa upepeo wa karatasi. Aliyejaza vizuri kuliko wote angealikwa Seoul mwezi wa Juni, wiki nzima, kukaa na vikundi vya huko na kufanya mazoezi nao.

Nilimwuliza Madam Seo, kabla sijamwambia Laban, kama mfanyakazi anaruhusiwa. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha ajabu, akasema mtu yeyote asiye Mkorea ni mgeni kwao, ajaze tu. Likizo ya Laban ilikuwa Juni. Nilipomwambia alishika kingo za meza yangu kwa mikono miwili.

"Mama Cheryl, hao wasee wanakuja hapa? Hapa kwetu?"

Nikamwambia ndiyo, na aache kushika meza, Mwangi anaangalia. Mwangi alikuwa msimamizi wa walinzi, Mkenya mwenzetu, mtu aliyeamini cheo chake kilishuka kutoka mbinguni.

Laban alichukua fomu akaenda nayo kambini walikolala walinzi. Hakutaka kuijaza ovyo. Aliandika majibu kwanza kwenye daftari, akafuta, akaandika tena. Jumatano aliniletea niyasome nimrekebishie Kiingereza. Nilirekebisha maneno manne. Kwenye swali la saba, lililotaka jina la mchezaji mmoja wa Kikorea unayempenda, alikuwa ameandika Fundi Saa, na chini yake maelezo marefu ya jinsi walivyompa jina hilo kwa kinyozi Kondele, na kwamba kama kuna mtu Seoul anayemfahamu, tafadhali amwambie jina lake la kweli. Nilisoma mara mbili. Ile fomu niliisoma kabla ya mtu mwingine yeyote, kumbukeni hilo.

Wakati huo huo wageni walikuwa wanakuja na fomu zao. Walitaka upepeo, basi. Walisimama mbele yangu wakicheka, wakiniuliza kama Wakorea wanacheza kweli, na kikundi ni nini, na waandike nini. Mimi ningejibuje? Nilibonyeza simu ya upepo nikamwita Laban wa mlangoni.

Alikuja kila nilipomwita. Jumapili mara tano, Jumatatu zaidi ya kumi, Jumanne sikuhesabu. Akasimama wima, mikono nyuma, akawaeleza. Na alivyoeleza! Mgeni aliyekuja kutania alijikuta ameinama anaandika. Kwenye swali la saba aliwatajia wachezaji maarufu, halafu akaongeza kwamba yeye binafsi anampenda mmoja ambaye nyumbani walimwita Fundi Saa. Mgeni mwenye haraka anaandika lipi? Lililo fupi, lililotajwa mwisho. Wakaandika Fundi Saa.

Mgeni wa chumba 1107, mwuzaji wa lifti, alisubiri gari mlangoni karibu nusu saa siku ya Jumanne. Laban alimpa historia nzima ya miaka kumi na mitano, bure, huku akimshikia mwavuli wa jua. Yule bwana aliandika kila kitu.

Mtaniuliza kwa nini hatukuona hatari. Hatukuiona kwa sababu hatukuwahi kufikiria kwamba mgeni anayelala chumba cha baharini angetaka kitu ambacho Laban anakitaka. Tuliona ni watu wa upepeo. Na kusema kweli Laban alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwake. Miaka mitatu alifungua mlango ule na hakuna aliyemwuliza zaidi ya teksi iko wapi. Mimi nilijisifu kwa kumwita. Nilijiona mjanja.

Sanduku lilifungwa Alhamisi saa sita mchana. Laban aliitumbukiza fomu yake dakika kumi kabla, alipopata mapumziko ya kunywa maji. Alilishika sanduku kwa mkono mmoja lisiteleze. Mwangi alimwona.

Saa nane niliitwa ofisini kwa meneja. Laban alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi, na kipara chake kidogo nje. Mwangi alikuwa kando yake. Juu ya meza kulikuwa na rundo la fomu arobaini na moja, na fomu moja peke yake, ya Laban. Madam Seo alieleza tatizo lake kwa adabu. Arobaini na moja walikuwa wamemtaja mchezaji mmoja. Aliwauliza vijana wake wanne, na hakuna aliyewahi kusikia mtu wa jina hilo Korea yote. Halafu imekuja fomu ya mwisho, ya mlinzi, yenye jina hilo hilo na majibu hayo hayo. Alitaka kujua jambo hili limeanzia wapi.

Meneja alikuwa na jibu tayari. Wageni wetu hula kifungua kinywa pamoja, huzungumza, hubadilishana mawazo. Ni watu wa dunia. Mlinzi amefungua sanduku akanakili. Mwangi akaongeza kwamba amemwona kwa macho yake amelikumbatia sanduku. Eti amelikumbatia. Ningekuwa na kitu kizito karibu ningemrushia.

Madam Seo hakuridhika. Aliichukua fomu ya Laban, akaangalia yale maelezo marefu ya kinyozi, akanigeukia mimi.

"Wewe uko pale siku nzima. Nani aliwapa wageni majibu haya?"

Meneja naye aliniangalia. Hakunikazia macho, alitabasamu. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Aprili na barua ya kuuongeza ilikuwa mezani kwake, haijatiwa sahihi. Cheryl alikuwa ameingia kidato cha kwanza Januari. Nikisema ukweli, nimesema kwamba wageni wa hoteli walifanyiwa mtihani na mlinzi, na kwamba aliyemwita mlinzi ni mimi, na kwamba faili zima la Madam Seo ni takataka. Hayo yote niliyafikiria kwa muda wa kumeza mate.

"Wageni wetu ni watu waliosoma, madam," nilisema. "Wanajua mengi."

Nilisema kwa ile sauti yangu ya mapokezi, tamu, inayopanda mwishoni. Najichukia kwa sauti ile kuliko kwa maneno yenyewe.

Laban aliniangalia. Nilijua angesema. Nilitaka aseme. Angesema tu kwamba Damaris aliniita kwa simu ya upepo, waulize madereva, waulize watu wa mizigo, kila mtu alisikia. Angeweza hata kuweka kichwa chake chini kwenye zulia la meneja na kuzunguka, na yule mama angejua mara moja. Alikuwa hatua tatu kutoka kwa mtu wa kwanza kutoka Seoul aliyewahi kumsikiliza.

"Ni kweli, madam," Laban alisema. "Nilichungulia fomu za wageni. Mimi hiyo dansi siijui."

Meneja alishusha pumzi. Mwangi aliandika kitu. Madam Seo alimtazama Laban kwa huruma, na huruma ile ilinichoma. Alimwambia si vibaya kutamani kujua. Akafungua mkoba wake akampa kijitabu chembamba chenye picha, walichokitengeneza kwa ajili ya watu wanaoanza kabisa. Laban alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka.

Jioni ile vijana wanne walicheza ukumbini. Niliwaona kwa sababu nilikuwa nagawa maji. Walikuwa wazuri, sitawapunja, na watu walipiga makofi kwa adabu huku wakiangalia simu zao. Madam Seo alilifuta swali la saba kwa kila mtu, akahesabu tisa yaliyobaki, na mgeni wa 1107 akashinda. Alipanda jukwaani akasema brekidansi ya Korea imemgusa tangu ujana wake. Laban wakati huo alikuwa nyuma ya hoteli, kwenye lango la malori ya mboga, Mwangi alimhamishia huko mchana ule ule. Ukuta mmoja tu ulimtenga na ukumbi. Muziki aliusikia wote.

Ijumaa alikuja Bin Mahmoud kama kawaida, ila hakutandika maboksi. Alikuja kuniaga. Kuanzia Jumapili angelinda lango la nyumba za kupanga kule Al Wukair. Nilimpandishia sauti pale pale kwenye ngazi. Nilimwuliza alidhani yeye ni nani, nani alimtuma anibebee, kwa nini hakunitaja. Nilimwambia nimemchukia. Nilisema mengi, wale wapishi wa ng'ambo wakarudi ndani. Alisubiri nimalize, akasema mimi nina Cheryl, na kwamba yeye kulinda lango lolote ni kulinda lango. Hakusema kwa kunisuta. Angenisuta ingekuwa afadhali.

Kisha akatoa kile kijitabu mfukoni. Uso wake ulibadilika. Alikifungua karibu na mwisho, akaniwekea kidole kwenye picha ndogo ya zamani, vijana watano kwenye uwanja wa saruji, na mmoja wao amesimama kwa kichwa, mguu mmoja juu, mwingine pembeni. Chini yake palikuwa na majina.

"Ndiye huyu," Laban alisema. "Miaka tisa, Mama Cheryl. Ana jina."

Alilitamka. Alikuwa amelifanyia mazoezi usiku kucha. Nilitaka kukichana kile kijitabu kwa meno. Wamemnyima safari, wamemwita mwizi, wamempa kitabu cha wasiojua, na yeye anang'aa kama mtu aliyepata barua kutoka nyumbani.

Halafu akaniomba kitu. Alikuwa ameliandika lile jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Aliniomba nimpe mgeni wa 1107 kabla hajaondoka, ili Juni akifika Seoul asisimame mbele ya watu na kutaja Fundi Saa. Si haki, alisema, mtu kuitwa jina la kwa kinyozi katika nchi yake mwenyewe. Na yule bwana ataaibika bure, naye ni mtu mzuri, alisikiliza vizuri.

Jumamosi asubuhi bwana wa 1107 alishuka na mizigo. Alikuwa na furaha. Aliniuliza yule mlinzi mchangamfu yuko wapi, nikamwambia amehamishwa, akasema vizuri, hongera zake. Akaniuliza kama kuna kitu chochote zaidi anachopaswa kukijua kuhusu wale wachezaji kabla ya safari. Karatasi ya Laban ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Nilimwambia hakuna, nikamwitia gari, nikamtakia heri, nikamfungulia mlango mwenyewe maana mlinzi mpya alikuwa bado hajazoea.

Laban alinipigia simu jioni kutoka Al Wukair kuuliza kama nimempa. Nikasema nimempa. Akafurahi.